Jiko la Nje la Karavani

Baba alihamia ndani ya karavani si muda mrefu baada ya mama kufariki, na watu wa Gede wakacheka mpaka wakachoka. Mzee mzima ana nyumba ya mawe, ana vyumba na baraza, anakwenda kulala ndani ya kitu chenye magurudumu! Mimi sikucheka. Ile nyumba kila pembe ilikuwa na mama ndani yake, na karavani haikuwa na mama hata chembe. Nilimwelewa, ingawa sikumwambia.

Karavani yenyewe aliachiwa na tajiri wake, Mtaliano mmoja wa Watamu ambaye baba alimpikia miaka mingi baada ya kutoka kwenye mahoteli ya Malindi. Yule bwana alipozeeka wanawe walikuja wakamchukua kwao, na vitu vyake vikagawanywa. Wengine walipata magodoro na majokofu. Baba alipata karavani, na jiko la chuma la kuchomea nyama lenye kifuniko, zito kama jeneza. Trekta likaivuta ile karavani mpaka shambani kwetu, ikaegeshwa kando ya mikorosho, ikainuliwa juu ya matofali, na hapo ndipo ilipo. Ndani ina kitanda, meza ya kukunja, kabati, na jiko dogo la gesi la kuchemshia chai. Mtungi wa gesi unakaa nje kwa mbele, ndani ya sanduku la bati.

Sasa, kuchemsha chai baba hakuhesabu kuwa ni kupika. Kupika kwake kulikuwa nje, kwa mkaa, kila siku ya Mungu: samaki wa kuchoma, mishkaki, kuku wa kupaka, ndizi, chochote kinachokubali moto. Na kila siku ya Mungu alikohoa mpaka akashika mti. Daktari alishamwambia kwamba kifua chake na moshi havipatani tena. Baba alimjibu daktari kwa heshima zote, akaja nyumbani akawasha mkaa.

Ndipo kaka yangu akaingilia kati. Kaka anakaa Mtwapa, anafanya kazi Mombasa, na tangu mama afariki amejipa ukubwa wa ukoo mzima. Akanipigia simu kunitolea amri, maana kumwambia baba mwenyewe hathubutu. Moshi uishe. Usipoisha, mwisho wa mwezi anakuja na gari, na baba anahamia Mtwapa, kwenye chumba cha watoto, ghorofa ya juu, karibu na yeye ambapo ataangaliwa.

Nilipompelekea baba habari hizo alikuwa anaparua samaki. Hakuinua kichwa.

"Mtwapa nilishakwenda," akasema. "Hata kufa mtu hawezi kule. Muziki wa mabaa unaanza jioni unakesha. Malaika akija kuchukua roho atapotea njia."

"Baba, mimi mjumbe tu."

"Mjumbe hauawi, lakini chai hapewi." Akaendelea kuparua. Kisha akasema polepole, bila mzaha: "Mwanangu, mkinitoa hapa mtanizika. Mwambie kakako hivyo hivyo."

Sikumwambia kaka hivyo hivyo. Nilitafuta dawa. Mimi nauza gesi pale stejini Gede. Mitungi, mipira, regulata, majiko, vyote vimo dukani kwangu, na kufunga nafunga mwenyewe kwa sababu mafundi wananipandisha presha. Lile jiko la Mtaliano lilikuwa la gesi tangu hapo, limekaa chini ya turubai bila kazi. Nikaona, kumbe kazi ni ndogo: nikate bomba la shaba linalopita chini ya sakafu ya karavani kwenda kwenye jiko la chai, nitie kiungo cha njia tatu, nitoe mkono mmoja mpaka kando ya mlango, niweke koki ya kufungulia na kufungia gesi, na kutoka kwenye koki mpira uende kwenye jiko la nje. Mtungi uwe ule ule. Baba achome nyama yake asubuhi na jioni, moshi usiwepo, kaka anyamaze.

Baba alikubali kwa shingo upande. Alisema nyama ya gesi ni nyama ya mgonjwa. Alisema mkaa una utamu ambao gesi haitaupata mpaka kiama. Lakini alikubali, na siku ya kazi alivaa shati safi kana kwamba anakwenda kuposa.

Nililala chali chini ya karavani, mchanga ukiniingia kwenye nywele, na yeye amekaa juu ya kigoda kivulini akinitazama.

"Mtoto wa kike umelala chini ya gari, miguu nje. Watu watasema nini?"

"Watasema baba yake amekaa kivulini anamtazama."

Akacheka. Nilipenda akicheka, siku hizo ilikuwa nadra.

Bomba likakatika vizuri, kiungo kikakaa, koki nikaifunga nje pembeni mwa mlango. Ile koki ilikuwa na pete ya chuma: ukiivuta pete nyuma, mpira unachomoka, ukiiachia, mpira umeshikwa. Nikaunganisha, tukawasha, na moto uliotoka, Mungu anisamehe, ulikuwa moto wa mshumaa. Ukilisogezea jiko mkono, ulikuwa unapata joto la jua tu. Baba akageuza uso upande wa mikorosho, mabega yanatikisika.

Nilikasirika. Nikafungua, nikafunga, nikatukana mtungi. Halafu nikaona kosa, na kosa lilikuwa langu. Regulata, kile kichwa kinachopunguza nguvu ya gesi, ilikuwako tayari pale kwenye mtungi, na jiko la Mtaliano nalo lilikuja na ya kwake shingoni. Gesi ilikuwa inapunguzwa mara mbili, sasa itakuwa na nguvu gani? Nikaing'oa ile ya jiko, nikatia kiungo kingine, na katika kuvuta na kusukuma ikabidi ile koki ya mlangoni niilegeze na kuikaza upya. Nikachanganya sabuni na maji kwenye kikopo, maana ndivyo tunavyopima: unapaka povu kwenye kila kiungo, povu likivimba, gesi inavuja.

Nikaenda mbele kufungua mtungi. Baba akabaki mlangoni, karibu na koki. Upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwake.

"Baba! Unasikia harufu yoyote?"

"Hamna!"

"Una hakika?"

"Pua yangu huijui?"

Pua yake niliijua. Pwani nzima iliijua. Huyu alikuwa akipita sokoni Malindi wauza samaki wanafunika wale wa jana. Nikaridhika. Nikachukua kikopo changu cha povu, nikazunguka taratibu, na nilipofika upande wa mlango ile harufu ikanipiga usoni, ile harufu ya kitu kilichooza wanayoitia makusudi ili hata mtoto aijue gesi. Gesi ilikuwa inamwagika pale miguuni pake. Na baba ameinama juu ya jiko, kiberiti mkononi, njiti ameshaitoa.

Nilimpiga mkono. Sikusema kwanza, nilimpiga, kwa nguvu zangu zote, kiberiti kikaruka kikaangukia mchangani. Kisha ndiyo nikapiga kelele. Nikarudi mbio kwenye mtungi nikafunga, nikarudi tena, na yeye alikuwa amesimama vile vile, anautazama mkono wake.

Katika maisha yangu sijawahi kumwinulia baba hata sauti. Hasira ikanipanda.

"Yarabi! Baba, gesi imejaa hapa! Huisikii?"

"Nina mafua."

"Huna mafua."

"Nina mafua, nakwambia."

"Basi piga chafya nikuone."

Hakupiga chafya. Alikaa juu ya kigoda chake, akajipangusa uso kwa kofia. Nikakaa chini kwenye mchanga. Tulikaa hivyo mpaka harufu ikapeperuka na nikaweza kupumua vizuri, yaani mimi niliweza. Yeye kwake hapakuwa na tofauti.

Akanieleza kama mtu anayeeleza safari ya mtu mwingine. Ule mwaka wa korona, mahoteli yalipofungwa, alilala na homa siku kadhaa. Homa ikaondoka, pua haikurudi. Kwanza alidhani ni dawa. Halafu akadhani ni uzee. Halafu akaacha kudhani.

"Na hukusema!"

"Niseme kwa nani? Mpishi asiyenusa ni nani? Ni mtu anayechemsha vitu."

"Lakini ulikuwa ukipika. Tulikuwa tunakula, tunajilamba."

"Mama yako alijua," akasema. "Mama yako ndiye aliyekuwa akininusia. Nilikuwa nikimwita nafunua sufuria, ananiambia bado, au tayari, au ongeza bizari. Nyinyi mlidhani anadokoa."

Kweli tulidhani anadokoa. Kaka yangu alikuwa na mzaha wake kabisa juu ya jambo hilo, na mama alikuwa akicheka pamoja nasi.

Nilipoikaza tena ile koki nilipaka povu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Haikuvuja tena. Tukawasha, moto ukatoka wa samawati, mzuri, mstari mmoja. Baba akauangalia, akanena lile nililojua linakuja.

"Kakako asijue. Akijua, nimekwisha."

Sikuahidi. Wala sikukataa. Nilikusanya spana zangu nikaenda zangu, na njiani nililia, halafu nikafika dukani nikauza mtungi.

Siku zilizofuata nilitafuta namna. Nikaagiza Mombasa king'ora cha gesi, kile kidude cheupe cha kuchomeka kwenye umeme, kinalia gesi ikivuja. Nikakifunga ndani ya karavani chini kabisa karibu na sakafu, maana gesi hii ni nzito, hulala chini. Nikamwambia baba hiki ndicho pua yako. Akakitazama, akasema ni pua ndogo.

Alhamisi kikalia. Nilikuwa dukani, jirani akanipigia simu, nikatupa kila kitu nikakimbia. Nakuta majirani wamejaa na ndoo za maji, mmoja ameshika jembe sijui la nini, na baba amesimama mlangoni na kanzu yake safi, chetezo mkononi, moshi wa udi unamzunguka. Alikuwa anafukiza, kama anavyofukiza kila Alhamisi jioni kuipokea Ijumaa tangu nizaliwe, na baada ya kufukiza akajimiminia marashi. Kidude hakijui udi, hakijui marashi. Kwake yote ni gesi.

"Moshi daktari amekukataza!"

"Alikataza moshi wa mkaa," akasema baba. "Huu ni udi."

"Na harufu yake huisikii!"

"Ijumaa haiingii kwa ajili ya pua yangu."

Tulipatana: udi afukizie nje, marashi ajipake nje, kidude kiachwe kifanye kazi yake. Akasema haya. Majirani wakarudi na ndoo zao, wamenuna kwa kukosa moto.

Mwisho wa mwezi kaka akaja, Jumapili mchana, na mkewe na watoto. Alitoka garini akiwa amejiandaa kwa vita, lakini baba alikuwa ameshajipanga. Meza nje, kitambaa cheupe, na lile jiko la Mtaliano limesuguliwa linang'aa. Alichoma samaki kolekole mzima, mishkaki, kuku wa kupaka. Nilimtazama akifanya kazi na nikaona nisichokuwa nimekiona: anatega sikio mafuta yakidondoka, anabonyeza nyama kwa kidole, anatazama rangi ya tui likikauka juu ya kuku. Hakukosea hata kimoja. Moshi ulikuwa mdogo, hakukohoa, na watoto walikula wakigombea mifupa.

Kaka alilegeza mkanda. Alikuwa na mafuta mpaka kidevuni.

"Haya baba," akasema, "nimeshindwa. Kaa na karavani yako. Mimi sina neno tena."

Baba akacheka kwa sauti, akampiga kaka begani, akaniangalia mimi kwa jicho la mtu aliyevuka mto. Kisha akaniomba nimletee ndimu nyingine kutoka ndani.

Ndani, chini pale karibu na sakafu, ukuta ulikuwa mtupu. Nilivuta droo ya kwanza, ya pili. King'ora kilikuwa kwenye droo ya nguo, kimefungwa ndani ya kikoi, waya wake umezungushwa vizuri kabisa. Na juu ya meza chetezo, na majivu ndani yake.

Nilisimama pale na ndimu mkononi. Nje walikuwa wanacheka. Niliwaza: nikinyamaza, hakuna atakayejua. Niliwaza pia habari nyingine, ile ya asubuhi moja mtu anakuja mbio dukani kwangu, na mimi nimeshajua kabla hajafungua mdomo. Nilimpenda baba na wakati ule ningeweza kumtikisa mpaka meno yagongane. Nikatoka nje.

"Baba hasikii harufu," nikasema. "Hata kidogo. Gesi ikivuja hajui."

Mke wa kaka akawahi kuwaita watoto waende wakacheze. Kaka alikuwa na mshkaki mkononi, akaurudisha kwenye sahani.

"Unasema nini wewe?"

"Nasema ulichosikia. Siku ya kufunga bomba alitaka kuwasha kiberiti juu ya gesi inayovuja. Nimemwekea king'ora, amekizima kwa ajili ya udi."

Kaka akamgeukia baba. "Baba, ni kweli?"

Baba alikuwa ananiangalia mimi, na hakukuwa na hasira usoni mwake. Hasira ningeiweza. Akafuta mikono yake kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama wafanyavyo wapishi wakimaliza zamu. Akafunga koki. Akaivuta ile pete nyuma, mpira ukachomoka, akaukunja akanipa mkononi, ungali na joto. Kisha akaenda mbele, akafungua sanduku la bati, akang'oa regulata kwenye mtungi, akaja nayo pia akanipa.

"Na mtungi utauchukua," akaniambia. "Hata ule moto wa chai sitaki."

Akasimama mbele ya kaka.

"Moshi hamna. Gesi hamna. Mkaa siugusi, kiberiti sikigusi. Una lingine?"

Kaka akauliza: "Sasa baba utakula nini?"

Baba alinionyesha kwa kidevu bila kunitazama.

"Huyu mwenye mdomo atanipikia."

Kaka alirudi Mtwapa na gari lake na nafasi tupu aliyomwekea baba. Baba akabaki. Jiko la Mtaliano likarudi chini ya turubai, na bomba nililolifunga likabaki na kizibo cha shaba kwenye koki, nilikitia mwenyewe.

Tangu hapo nampikia. Natoka dukani mchana na sufuria zimefungwa kwenye kanga, chupa ya chai kwapani. Mwanzoni hakunisemesha. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba, maana salamu hainyimwi mtu, akala, akaosha vyombo, akanirudishia. Upishi wangu si upishi, najua, na mtu aliyelisha mahoteli anajua zaidi. Hakulalamika, na kule kutolalamika kwake kulinichoma kuliko matusi. Nilitamani aseme chumvi imezidi. Hakusema.

Majuzi nilimpelekea pilau. Akafunua, akaitazama.

"Inanukia nini?" akauliza.

"Pilau, baba."

"Kuwa ni pilau nimeona, sijapofuka. Nimekuuliza inanukia nini."

Nimekula pilau maisha yangu yote, sijawahi kuulizwa hivyo. Baba alikuwa ameshafumba macho, mikono juu ya magoti, anangoja. Nikainama juu ya sufuria, nikavuta pumzi, nikaanza na mdalasini.